Kichekesho cha Mjerumani kilichovuma makoloni kwa jina la Mwingereza

MWAKA wa 1884, wakazi wa London walianza kumiminika ukumbini kumcheka kasisi mmoja mnyonge, mwenye mafua yasiyokwisha, aliyezungukwa na mwavuli, vifurushi na viatu vya mpira. Tamthilia hiyo iliitwa The Private Secretary, yaani Katibu wa Kibinafsi, na jina lililovuma pamoja nayo lilikuwa la Mwingereza Charles Hawtrey.

Hata hivyo, kisa hicho hakikuzaliwa London. Kilitokana na Der Bibliothekar, yaani Mkutubi, kichekesho cha sehemu nne kilichoandikwa mwaka wa 1878 na Mjerumani Gustav von Moser. Kutoka Ujerumani kilipita London, kikavuka Bahari ya Atlantiki hadi New York, kisha kikabebwa na meli za abiria hadi makoloni ya Uingereza ya Australia na New Zealand, ambako kilikuwa miongoni mwa tamthilia zilizopendwa sana katika miaka ya 1880.

Safari hiyo yastahili kukumbukwa kwa sababu inaonyesha jinsi kazi ya lugha moja inavyoweza kuvishwa vazi la lugha nyingine hadi watazamaji wakasahau ilikotoka. Na hapo ndipo linapozuka swali ambalo hadi leo huwagonganisha waandishi, watafsiri na wenye kumbi: kicheko kilichotafsiriwa ni mali ya nani?

Mwanajeshi aliyegeuka mwandishi

Gustav von Moser alizaliwa Mei 11, 1825 mjini Spandau, ambao sasa ni sehemu ya jiji la Berlin. Alikuwa afisa katika jeshi la Prussia hadi mwaka wa 1856, alipoacha upanga na kwenda kuishi mashambani katika jimbo la Silesia. Huko ndiko alikoanza kuandika tamthilia za kuchekesha, na hakuchukua muda mrefu kabla ya kuwa mmoja wa waandishi walioshughulisha kumbi za Ujerumani kuliko wengi wa rika lake. Alifariki Oktoba 23, 1903 mjini Görlitz.

Wajerumani wana jina maalumu la aina ya tamthilia aliyoipenda Moser: Schwank. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili huiita kichekesho, ili kuitofautisha na futuhi ambayo huzingatia zaidi tabia za watu na kasoro za jamii. Katika kichekesho, kinachotawala ni tukio. Mtu hudhaniwa kuwa mwingine, barua humfikia asiyehusika, mlango mmoja hufungwa na mwingine kufunguliwa, na mtazamaji hujua siri ambayo wahusika jukwaani hawaijui. Kazi ya mwandishi ni kama ya fundi wa saa: gurudumu moja likikosea, saa nzima husimama.

Moser alikuwa fundi wa aina hiyo. Kabla ya Der Bibliothekar kuandikwa, kazi yake Ultimo ilikuwa tayari imevuka bahari. Mwongozaji wa Marekani, Augustin Daly, aliigeuza kwa Kiingereza na kuiigiza New York mwaka wa 1875 kwa jina The Big Bonanza. Tamthilia ya Krieg im Frieden, ambayo Moser aliiandika pamoja na Franz von Schönthan, nayo ilichukuliwa na Daly huyo huyo mwaka wa 1881 na kuitwa The Passing Regiment. Kwa ufupi, wenye kumbi wa lugha ya Kiingereza walikuwa wamekwisha kujua kisima kiko wapi.

Kisa chenyewe

Kijana Douglas Cattermole anaishi London kwa madeni. Wadai wanabisha hodi asubuhi na jioni, na mbele yao yuko Gibson, fundi wa nguo ambaye pamoja na kudai fedha zake ana tamaa kubwa ya kutambuliwa na watu wa tabaka la juu. Rafiki yake Douglas, Harry Marsland, ana ami yake tajiri huko mashambani ambaye amemwajiri Kasisi Robert Spalding kuwa katibu wake wa kibinafsi. Ami huyo hajawahi kumwona katibu wake mpya.

Vijana hao wawili wanaona mwanya. Douglas anakwenda mashambani akijifanya Spalding, na Spalding wa kweli anaachwa katika vyumba vya Douglas mjini, akabiliane na wadai asiowajua kwa madeni asiyoyakopa.

Mambo yanazidi kutatanika anaporejea Bwana Cattermole, ami yake Douglas, aliyetajirika nchini India. Mzee huyo ana imani yake: kijana asiyefanya vituko katika ujana wake hafai kurithi chochote. Akiingia katika vyumba vya Douglas anamkuta Spalding, anadhani huyo ndiye mwana wa nduguye, na anaghadhabika kuona amepewa mrithi mpole, mwoga na mcha Mungu.

Hatimaye wote wanakutana katika nyumba moja ya mashambani: Spalding wa uongo, Spalding wa kweli, mdai, ami wa mmoja na ami wa mwingine. Kasisi maskini anafichwa huku na kule kama mzigo wa magendo, huku mwanamke mmoja nyumbani humo, anayeamini mambo ya mizimu, akimwona kuwa mtu mwenye nguvu za ajabu. Mwishowe kila mtu anarudishiwa jina lake, mzee Cattermole anafurahi kujua kwamba mrithi wake ni mtundu kama alivyotaka, na madeni yanapata mlipaji.

La kushangaza ni kwamba Moser mwenyewe aliiweka tamthilia yake nchini Uingereza tangu mwanzo. Wahusika wake wa Kijerumani wana majina kama Marsland, Macdonald na Gibson. Yaani Mjerumani aliwachekesha Wajerumani wenzake kwa kuwaonyesha Waingereza, kisha Waingereza wakaichukua picha hiyo, wakaibadilisha hapa na pale, na kuitundika ukutani kama kioo chao wenyewe.

Kutoka mkutubi hadi kasisi

Charles Hawtrey alizaliwa mwaka wa 1858 mjini Eton, mwana wa kasisi aliyekuwa pia mwalimu katika shule maarufu ya mji huo. Alikuwa mwigizaji, mwenye kampuni ya maigizo na mpenzi mkubwa wa kucheza kamari katika mashindano ya farasi. Alifilisika zaidi ya mara moja maishani. Haikuwa ajabu, basi, kwamba kisa cha kijana anayewakimbia wadai kilimvutia.

Toleo lake liliigizwa kwanza mjini Cambridge Novemba 1883, kisha katika ukumbi wa Prince's jijini London Machi 29, 1884. Nafasi ya Spalding ilichukuliwa na Herbert Beerbohm Tree, ambaye baadaye angekuwa miongoni mwa watu mashuhuri zaidi katika maigizo ya Uingereza, na ambaye alianzisha chuo cha mafunzo ya uigizaji mwaka wa 1904. Wahakiki wa magazeti hawakuipokea kwa bashasha. Hata hivyo, mwezi Mei mwaka huo tamthilia ilihamishiwa ukumbi wa Globe, na nafasi ya Spalding ikapewa William Sydney Penley. Hapo ndipo ilipopaa. Iliendelea kuigizwa hadi mwaka wa 1886, na jumla ya maonyesho ya London ikafikia 785.

Badiliko muhimu zaidi alilofanya Hawtrey linaonekana katika kichwa chenyewe. Kwa Moser, mnyonge wa kisa ni mkutubi, mtu wa vitabu asiyejua ya dunia. Mjerumani wa wakati huo alimjua mtu wa namna hiyo na alikuwa tayari kumcheka. Kwa Mwingereza, mkutubi hakuwa na uchekeshaji wowote. Aliyechekesha ni kasisi msaidizi kijana, mpole kupita kiasi, anayekunywa chai kwa mabibi wa kanisa na kuogopa baridi. Hawtrey akamvua mkutubi miwani ya maktaba na kumvisha kola ya kasisi. Gurudumu likabaki lile lile, lakini saa ikaanza kusema saa za London.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya kutafsiri maneno na kutafsiri tamthilia. Mwenye kutafsiri maneno angeandika "mkutubi" na kuwaacha watazamaji wakitazamana. Mwenye kutafsiri tamthilia hujiuliza kwanza: katika mji huu, watu humcheka nani?

Makoloni yapokea

Katika miaka ya 1880, Australia haikuwa bado nchi moja. Ilikuwa makoloni sita yaliyojitawala kwa kiasi chini ya taji la Uingereza, na yaliungana Januari 1, 1901 pekee. Lakini kwa upande wa maigizo yalikuwa soko moja kubwa. Dhahabu iliyogunduliwa mwaka wa 1851 ilikuwa imeufanya mji wa Melbourne kuwa miongoni mwa miji tajiri ya himaya. Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka wa 1869, ulikuwa umefupisha safari ya meli kutoka Uingereza, na simu ya maandishi iliyofika mwaka wa 1872 ilileta habari za London kwa muda wa saa badala ya wiki. Mwaka wa 1883 reli za Sydney na Melbourne zilikutana mpakani, ijapokuwa abiria walilazimika kubadilisha garimoshi kwa sababu upana wa reli ulitofautiana.

Haya yote yalikuwa na maana kubwa kwa mwigizaji. Tamthilia iliyovuma London ingeweza kusikika Melbourne kabla ya msimu wake kwisha, na kampuni ya waigizaji ingeweza kuzunguka miji kadhaa kwa garimoshi na meli ikiwa na maleba na mandhari yale yale.

Kampuni iliyotawala biashara hiyo ni ile ya Mmarekani J.C. Williamson na washirika wake Arthur Garner na George Musgrove, iliyoundwa mwaka wa 1882. Watu waliiita utawala wa watatu. Mtindo wao ulikuwa kununua haki za kuigiza tamthilia iliyofaulu London, kisha kumleta mwigizaji aliyeijua. Kwa The Private Secretary, mwigizaji huyo alikuwa Mwingereza Frank Thornton, aliyejulikana London kwa kuigiza katika opera ya kuchekesha Patience mwaka wa 1881. Thornton aliwasili katikati ya muongo huo na kumwigiza Spalding mji baada ya mji, hadi jina lake na la kasisi huyo likawa kama pande mbili za sarafu moja. Alirejea tena katika miaka iliyofuata, ikiwemo mwaka wa 1893, alipoleta kichekesho kingine kilichotikisa dunia, Charley's Aunt, ambacho London kilikuwa kimempa umaarufu mpya Penley yule yule.

Kwa nini walowezi walikipenda kisa hiki? Jibu la kwanza ni kwamba kiliwapa London waliyoiacha au ambayo hawakuwahi kuiona: vyumba vya vijana wa mjini, nyumba ya mashambani, fundi wa nguo anayejikweza, kasisi mwoga. Jibu la pili liko karibu zaidi na maisha yao. Mtu aliyekimbia madeni na kuanza upya kwa jina jingine hakuwa mhusika wa jukwaani tu katika makoloni. Naye ami aliyekwenda ng'ambo akarudi na utajiri alikuwa ndiye ndoto iliyowafanya wengi wao wapande meli.

Katika kisa hiki, kila fundo hufunguliwa na fedha kutoka India. Hakuna Mhindi hata mmoja anayeonekana, na hakuna anayeuliza fedha hizo zilipatikanaje. Wakati Penley akiwachekesha watu katika ukumbi wa Globe, wajumbe wa mataifa ya Ulaya walikuwa wameketi Berlin, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, wakijadili Afrika. Na huko Australia, mwaka wa 1886 koloni la Victoria lilipitisha sheria iliyowafukuza watu wengi wenye asili mchanganyiko kutoka vituo walivyotengewa wenyeji wa nchi hiyo, kikiwemo Coranderrk karibu na Melbourne, wakatenganishwa na jamaa zao. Kumbi za Melbourne zilijaa vicheko katika miaka hiyo hiyo. Kichekesho hakikuwa na lawama kwa hayo, lakini hakiwezi kueleweka vyema bila kujua nani alikaa ukumbini na nani alibaki nje.

Mali ya nani?

Huko Marekani, umaarufu wa tamthilia hii ulizua vita vya wazi. Mwigizaji na mwandishi William Gillette, ambaye baadaye alisifika kwa kumwigiza Sherlock Holmes, alikuwa ametengeneza toleo lake mwenyewe la kazi ya Moser, akaliita Digby's Secretary. Wakati huo huo, mwenye ukumbi A.M. Palmer alikuwa na toleo la Hawtrey. Matoleo yote mawili yalifunguliwa New York Septemba 1884. Ikawa kama kwamba kisa cha makasisi wawili, mmoja wa kweli na mwingine wa uongo, kimeshuka kutoka jukwaani hadi barabarani. Baada ya mvutano, pande hizo zilipatana, na Gillette akaendelea kuzunguka na tamthilia hiyo kwa jina la The Private Secretary.

Mvutano wa aina hiyo uliwezekana kwa sababu sheria ilikuwa na matundu. Marekani haikuwapa waandishi wa kigeni ulinzi wa hakimiliki hadi mwaka wa 1891. Uingereza nayo, ingawa ilikuwa na mikataba na mataifa kadhaa, ilikuwa imeruhusu katika sheria yake ya mwaka wa 1852 kwamba tamthilia ya kigeni inaweza kuigwa na kurekebishwa kwa ajili ya jukwaa la Kiingereza. Tundu hilo lilianza kuzibwa na sheria ya mwaka wa 1875, lakini mazoea ya wenye kumbi hayakubadilika kwa siku moja. Kwa miaka mingi, kuchukua kazi ya Mfaransa au Mjerumani na kuibandika jina la Kiingereza kulionekana kuwa biashara ya kawaida.

Mkataba wa Berne, uliotiwa sahihi Septemba 9, 1886, ndio uliowafanya waandishi wa mataifa mbalimbali walindwe kwa pamoja, pamoja na haki ya kuidhinisha tafsiri za kazi zao. Ujerumani na Uingereza zilikuwa miongoni mwa mataifa ya kwanza, na Uingereza iliyaingiza makoloni yake pia.

Ajabu ni kwamba walanguzi wa tamthilia walishtakiwa vikali huko makoloni wakati mwathiriwa alipokuwa mwenye ukumbi. Williamson, aliyenunua haki za kuigiza opera ya H.M.S. Pinafore nchini Australia mwaka wa 1879, aliwaandama mahakamani walioiigiza bila idhini yake. Mwenye fedha alijua kulinda alichonunua. Jina la aliyebuni kisa ndilo lililokosa mlinzi.

Hali hiyo ilionekana wazi zaidi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuzuka mwaka wa 1914. Jimbo la South Australia, ambako Wajerumani walikuwa wameanza kufika tangu mwaka wa 1838, lilipitisha sheria mwaka wa 1917 ya kufuta majina ya Kijerumani ya miji na vijiji. Majina 69 yalibadilishwa. Kilichojulikana kuwa cha Kijerumani kilifutwa. The Private Secretary haikuhitaji kufutwa jina, kwa maana lilikuwa limekwisha kufutwa miaka thelathini kabla. Ilibaki kuhesabiwa kuwa tamthilia ya Kiingereza kabisa. Hawtrey alipewa hadhi ya uungwana na mfalme mwaka wa 1922, akafariki mwaka uliofuata. Mwaka wa 1935 kisa hicho kilifanywa filamu nchini Uingereza, Edward Everett Horton akiwa Spalding.

Naye Moser hakusahaulika kabisa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Der Bibliothekar ilichapishwa kwa ajili ya wanafunzi wa Kijerumani katika nchi zinazosema Kiingereza. Wanafunzi hao walisoma kazi ya Mjerumani kuhusu Waingereza ili wajifunze Kijerumani, na huenda jioni wazazi wao walikwenda kuicheka ukumbini bila kujua kwamba ni kisa kile kile.

Funzo kwa Kiswahili

Suala hili halijapita. Jukwaa la Kiswahili limejengwa kwa sehemu na tafsiri. Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka wa 1963, kisha mwaka wa 1969 akatoa The Merchant of Venice kwa jina Mabepari wa Venisi. Neno "mabepari" halikuwa tafsiri ya moja kwa moja ya mfanyabiashara. Lilikuwa uamuzi wa mtu aliyejua hadhira yake, kama ule wa Hawtrey wa kumgeuza mkutubi kuwa kasisi. Tofauti ni kwamba kila msomaji wa Mabepari wa Venisi alijua mwandishi wa kwanza ni nani.

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka wa 1993. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, kutafsiri au kurekebisha kazi ya mwandishi kunahitaji idhini yake au ya warithi wake, na ulinzi huo hudumu kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kikundi cha maigizo kinachochukua tamthilia ya kigeni na kubadilisha majina ya wahusika pekee hakijaepuka sheria hiyo.

Kwa upande wa Der Bibliothekar, muda huo ulipita zamani. Anayejua Kijerumani anaweza kuitafsiri leo kwa Kiswahili bila kumwomba mtu ruhusa. Atalazimika kuamua, kama Hawtrey alivyoamua, ni nani katika mji wake anayefaa kukaa mahali pa mkutubi mnyonge anayebebeshwa madeni ya wengine, na ni nani ami anayerudi kutoka ng'ambo na fedha. Wahusika hao si wageni Nairobi wala Mombasa.

Avumaye baharini papa, kumbe wengine wapo. Atakayeileta tamthilia hiyo jukwaani kwa Kiswahili hatadaiwa hata senti moja na warithi wa Moser. Deni lililobaki ni dogo na rahisi kulipa: kuliandika jina lake kwenye bango, palipo na jina la mtafsiri.